Toyota 86 na supachaja: Roots, skrubu pacha au sentrifugali?

Wenye Toyota 86 wana bahati ambayo wenye magari mengi ya Kijapani hawana: supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini kwa mkanda) za aina zote tatu zimetengenezewa gari lao, zikiwa seti kamili yenye braketi, mkanda na mabomba. Mark X iliwahi kupata ya kwake, lile toleo la +M Supercharger lenye farasi 360, lakini ni hiyo moja tu, na kuiona leo ikiuzwa ni kama kuona mwezi mchana. Kwa 86, Edelbrock wa Marekani walitengeneza seti yenye rota (vyuma vinavyozunguka ndani) aina ya TVS za kampuni ya Eaton, ambazo ni uzao wa Roots. Sprintex wa Australia wana skrubu pacha. Jackson Racing wanatumia sentrifugali ya Rotrex kutoka Denmark, HKS wa Japani wana sentrifugali yao, na Vortech nao wamo. Injini ni ileile, kwa hiyo tunaweza kuzipima bega kwa bega bila kisingizio cha tofauti ya gari.

Naongelea 86 ya kwanza, ile ZN6 iliyotoka 2012 pamoja na pacha wake Subaru BRZ. Injini yake ni FA20: silinda 4 zilizolala ubavuni, kipenyo milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86, cc 1,998, farasi 200 kwenye mizunguko 7,000, torki (nguvu ya kusokota) Nm 205. Kompresheni, yaani kiasi hewa inavyominywa ndani ya silinda, ni 12.5 kwa 1, na hapo ndipo pa kukazia macho. EJ20 za turbo tulizozizoea kwenye Impreza na Forester zina kompresheni ya 8 hadi 9.5, kwa sababu Subaru walijua tangu mwanzo kwamba zitasukumiwa hewa. FA20 ya 86 iliundwa ivute hewa yenyewe. Ukiisukumia, nafasi ya kukosea ni ndogo, na karibu kila tofauti kati ya supachaja hizi tatu inaishia kwenye swali la nani anakula nafasi hiyo zaidi.

Nguvu inakuja lini

Roots na skrubu pacha ni ndugu: kila mzunguko mmoja wa supachaja unasukuma ujazo uleule wa hewa, iwe injini inakwenda polepole au kwa kasi. Sentrifugali ni feni. Feni hiyo inahitaji kasi kubwa, na presha yake hupanda kwa mraba wa mizunguko: ukiwa nusu ya kasi, una robo tu ya presha. Tuchukue mfano wa seti mbili zilizopangwa kwa nguvu zinazokaribiana kule juu, presha ikiwa kwa bar:

| Mizunguko ya injini | Roots au skrubu | Sentrifugali |
|---|---|---|
| 2,500 | 0.45 | 0.07 |
| 3,500 | 0.5 | 0.14 |
| 4,500 | 0.5 | 0.23 |
| 7,000 | 0.5 | 0.55 |

Hizi ni namba za hesabu, seti halisi zitapishana kidogo. Ila angalia mstari wa 3,500. Kila aliyeendesha 86 ya kwanza anajua kwamba kati ya 3,500 na 4,500 kuna shimo la torki. Unakanyaga, gari linawaza kwanza, halafu likifika 5,000 linaamka. Roots inalifukia shimo hilo kabisa. Sentrifugali inalipunguza tu, kwa sababu pale ambapo injini ina njaa zaidi, feni bado haijachangamka. Wanaochagua sentrifugali mara nyingi hulazimika kubadilisha na manifoldi ya ekzosi ili shimo lipungue, na hiyo ni gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye bei ya seti.

Kama umewahi kuendesha Mercedes C200 Kompressor, zile zilizojaa mitaani kwetu, basi tabia ya Roots unaijua tayari. Gari linaondoka kwenye taa kana kwamba lina injini kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kadi, halafu kule juu linaishiwa pumzi. Sentrifugali ni kinyume chake: chini ni 86 uliyoizoea, juu ni gari jingine.

Ndugu wawili na joto lao

Roots ni muundo wa zamani. Ndugu wawili wa familia ya Roots huko Indiana, Marekani, waliusajili 1860 kama mashine ya kupuliza hewa kwenye tanuru, kabla ya gari lolote la petroli. Hausindiki hewa ndani yake. Unaihamisha tu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na msongamano unatokea hewa inapogongana na ile iliyokwisha kujaa kwenye manifoldi. Ugongano huo unazaa joto. Skrubu pacha, kazi ya mhandisi Msweden Alf Lysholm miaka ya 1930, ina rota mbili zinazoumana kama nyuzi za skrubu, na hewa inaminywa ndani kwa ndani kabla ya kutoka.

Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua pampu inavyochemka, na hapa ni jambo lilelile kwa kipimo kikubwa. Chukua hewa ya nyuzi 35, joto la kawaida chini ya boneti ya gari linalotembea Dar, uiminye mara 1.5. Mashine yenye ufanisi wa asilimia 55, yaani Roots ya kizamani, itaitoa ikiwa na nyuzi kama 104. Yenye asilimia 70 itatoa nyuzi 89. Sentrifugali nzuri ya asilimia 75 itatoa 85. Tofauti ya nyuzi kama 19 kati ya wa kwanza na wa mwisho, kwenye injini ya kompresheni 12.5, ndiyo tofauti ya kuvuta vizuri na kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli kwa Eaton. Rota za TVS zina mapezi manne yaliyopindwa nyuzi 160, wakati zile za zamani za mfululizo wa M zilikuwa na matatu yaliyopindwa nyuzi 60, na mabadiliko hayo yaliisogeza Roots hadi jirani kabisa na skrubu pacha. Ndiyo maana Chevrolet waliiweka kwenye Corvette ZR1 ya 2009 na Jaguar Land Rover kwenye V8 yao ya lita 5.0, ile inayounguruma ndani ya Range Rover Sport. Kwa hiyo anayekwambia "Roots inachemsha" muulize ni Roots ipi. Kwa presha ndogo ya 0.5, tofauti ya TVS na skrubu pacha kwenye 86 hutaihisi kwa mguu. Utaihisi kwa sikio, maana skrubu pacha inalia kwa sauti kali zaidi, na barabarani ukiwa unatembea taratibu skrubu inaendelea kuminya hewa hata usipoihitaji, labda valvu ya kupitisha pembeni iwe kubwa na ifanye kazi sawasawa.

Mahali pa kuiweka intakula (kipozeo cha hewa iliyominywa) ndipo ndugu hawa wawili wanaposhindwa wote. Wanakaa juu ya injini, mahali palipokuwa na manifoldi, na hakuna nafasi ya kupitisha bomba kwenda mbele na kurudi. Suluhisho la kawaida ni intakula ya maji: kipande kidogo ndani ya manifoldi, pampu ya umeme, na rejeta yake ndogo mbele. Inapoza vizuri kwa mkanyago mmoja. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo kwa saa nzima, chuma chote kile kimelalia injini ya moto, maji yamechemka, na ukija kupata barabara wazi unaanza na hewa ya moto. Sentrifugali inakaa mbele pembeni, bomba lake linakwenda moja kwa moja kwenye intakula ya hewa iliyo mbele ya rejeta, na gari likianza tu kutembea inapoa.

Konrodi hazisomi farasi

Kanuni inayozunguka miongoni mwa mafundi wa 86 ni kwamba usizidi farasi 300 magurudumuni kwa injini ambayo haijafunguliwa. Ni kanuni ya kusaidia, ila inapotosha kidogo. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, haijui farasi. Inajua msukumo unaoishukia pistoni ikiwa juu, na msukumo huo unafuata torki. Farasi 280 zilizopatikana kwa torki kubwa kwenye mizunguko 3,000 zinaiumiza konrodi kuliko farasi 280 zilizopatikana kwenye 7,000 kwa torki ya wastani. Isitoshe, kwenye mizunguko ya chini mwako una muda mrefu wa kuharibika, kwa hiyo kugonga kunapenda kuanzia huko.

Kwa hoja hii mimi huipa sentrifugali alama nyingi. Inaongeza nguvu kule ambako FA20 ina uwezo wa kuipokea. Roots na skrubu zinaongeza pale injini inapoelemewa, na fundi wa tyuni, yule anayerekebisha kompyuta ya injini, atalazimika kuzifunga breki kwa kurudisha taimingi ya cheche nyuma kuanzia 2,500 hadi 4,000. Zikifungwa breki vizuri zinadumu, tena sana. Ila umenunua torki ya chini halafu ukalipa mtu aipunguze.

Kabla ya yote, kama gari ni la 2012 au 2013, hakikisha suala la springi za valvu limeshughulikiwa. 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari hayo kwa ajili ya springi zinazoweza kukatika, na gari lililonunuliwa mnadani Japani linaweza kuwa limepita bila kufanyiwa. Kazi ile inafungua injini. Hutaki kuifanya baada ya kufunga supachaja juu yake.

Nairobi si Mombasa

Watu wengi huulizana aina ipi ina farasi wengi na kusahau hewa wanayovuta. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa hapo ni kama kilopaskali 82.5, wakati pwani ni 101. Kwa 86 isiyo na kitu, farasi 200 za kwenye karatasi zinabaki kama 165. Turbo ingejitahidi kufidia, kwa sababu inaweza kuzunguka kasi zaidi hadi ifikie presha iliyopangiwa. Supachaja imefungwa kwenye krenki kwa mkanda. Haina pa kuongeza kasi. Inachofanya ni kuzidisha hewa iliyopo: mara 1.5 ya 101 ni 152, mara 1.5 ya 82.5 ni 124 tu. Geji iliyosoma 0.5 Dar itasoma 0.41 Nairobi, na hakuna kilichoharibika.

Mwenye gari Nairobi anaweza kuifidia kwa puli ndogo. Kutoka milimita 70 kwenda 65 kunaongeza kasi ya supachaja kwa karibu asilimia 8. Kwa Roots hiyo ni karibu asilimia 8 ya hewa na joto lake. Kwa sentrifugali, kwa sababu ya ule mraba, presha inapanda kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo hatua hiyohiyo ya puli ina meno makali zaidi, na ni lazima ukague kwanza kasi ya juu ambayo mtengenezaji ameiruhusu.

Halafu siku moja anashuka Mombasa. Kilomita 480, na kila kituo cha njiani hewa inazidi kuwa nzito. Akifika Nyali na puli yake ndogo, injini inapokea hewa asilimia 22 zaidi ya ile iliyopimwa kwenye dayno (mashine ya kupimia nguvu za gari) Nairobi, ikiwa na joto zaidi pia. Sehemu ya ramani ya mafuta na taimingi, lile jedwali lililo kwenye kompyuta ya injini, inayotumika sasa haijawahi kuguswa na fundi, kwa sababu dayno ya Nairobi haikuweza kuifikia. Fundi mzuri huzijaza sehemu hizo kwa kubashiri upande wa usalama: mafuta mengi kidogo, taimingi nyuma kidogo. Muulize swali hili kabla hujalipa. Akikujibu kwamba kompyuta itajirekebisha yenyewe, shukuru uondoke. Anayetoka Dar kwenda Arusha hana shida hii, atapoteza nguvu tu.

Tyuni

Seti nyingi huja na ramani ya kuanzia, na kwa 86 chombo kinachotumika sana ni EcuTek cha Uingereza, kinachosoma na kuandika kontrol boksi (kompyuta ya injini) kupitia soketi ya uchunguzi. Ramani hiyo imeandikwa kwa petroli ya kwao. Japani gari hili linataka petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinaidai iwe oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 96 au zaidi. Sisi tunanunua kilichopo pampuni, na wakati mwingine kilichopo kimechakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli oktani inashuka vibaya, na ndiyo sababu mojawapo Tanzania inaweka vinasaba (alama maalumu ya kemikali) kwenye mafuta tangu 2010. Gari lisilo na supachaja litavumilia lita kadhaa za mchanganyiko huo. Lenye supachaja na kompresheni 12.5 halitavumilia mikanyago mingi. Chagua kituo kimoja unachokiamini na gari lityuniwe kwa mafuta ya kituo hicho.

Kuhusu namba: chini ya presha, lambda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, ikae karibu na 0.8. Taimingi ianze kwa kurudishwa digrii 1 kwa kila psi 1 ya presha, ambayo kwa 0.5 bar ni kama digrii 7, kisha iongezwe polepole fundi akiwa na spika za kusikiliza kugonga masikioni. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja au mbili, pengo lipunguzwe hadi milimita 0.7 au 0.8 cheche isizimwe na presha. Zibadilishe kabla ya kufunga seti, maana kwenye injini iliyolala plagi zimebanana na fremu ya gari na mkono hauingii vizuri hata siku ya kawaida.

Baada ya tyuni, rekodi data kwa mkanyago mmoja mrefu wa gia ya tatu, uangalie mistari mitatu. Wa kwanza ni presha. Kwa Roots inatakiwa kunyooka. Kwa sentrifugali ipande bila kukatika. Ikipanda hadi 6,000 kisha ikalala au kushuka, fungua boneti uangalie puli: ukikuta vumbi jeusi la mpira limetapakaa pembeni yake, mkanda unateleza. Tatizo hili linaipata sentrifugali zaidi, kwa kuwa puli yake ni ndogo na mzigo wake mkubwa unakuja wakati kasi ni kubwa. Wa pili ni joto la hewa inayoingia: rudia mkanyago mara kadhaa mfululizo, na hapo ndipo intakula ya maji huumbuka. Wa tatu ni kizidishio cha taimingi ambacho kontrol boksi ya 86 inajiwekea. Kikiwa 1, injini inayaamini mafuta yako. Kikianza kushuka imesikia kugonga, na hakuna haja ya kusubiri usikie wewe.

Jambo jingine la sentrifugali ya Rotrex: ina oili yake maalumu, yenye tangi na kipozeo chake. Ndani hakuna gia, kuna vyuma laini vinavyoendeshana kwa msuguano kupitia utando wa oili ambayo inakuwa ngumu ikibanwa. Ukiweka ATF, ile oili ya gia otomatiki, umeiua. Agiza chupa ya akiba pamoja na seti. Kwa upande huu Eaton ni mnyenyekevu, oili yake imefungiwa ndani na kwa miaka hutaikumbuka.

Nani achukue ipi

Anayeishi pwani au Dar, anayekaa kwenye foleni asubuhi na jioni, halafu mara moja moja anapata barabara: sentrifugali, kwa presha ndogo, intakula ya mbele. Hiyohiyo kwa anayekimbiza muda kwenye mashindano kama Kiamburing TT, kwa sababu huko gari liko juu ya mizunguko 5,000 karibu muda wote na joto la kurudiarudia ndilo adui.

Anayeishi Nairobi au Arusha, anayeendesha kila siku, hataki kusubiri 5,000 ndipo ajue amelipia nini: TVS. Hewa nyepesi ya juu inampunguzia torki ya chini bila kumlipa fundi, kwa hiyo konrodi zina nafuu ambayo wa Dar hana, na baridi ya asubuhi inaisaidia intakula ya maji. Ila avae matairi ya maana. Michelin Primacy 215/45 za kiwandani ziliwekwa makusudi ili gari liteleze kirahisi, na ukiongeza theluthi ya torki kwenye lami yenye mvua, utaona mkia unakupita.

Skrubu pacha naiacha kwa anayeipata kwa bei nzuri au anayeipenda sauti yake. Kwa presha zinazofaa FA20, ubora wake wa kuminya haujapata pa kujionyesha. Ungekuwa na V8 na unataka presha ya juu ningesema vingine. Dodge hawakuiweka kwenye Hellcat ya farasi 707 kwa kubahatisha.

Gharama: seti hizi huuzwa nje kwa takriban dola 4,000 hadi 7,000, kabla ya usafiri na ushuru. Ongeza klachi, plagi, leseni ya programu, kipimo cha lambda, na siku ya dayno. Klachi ya kiwandani itaanza kuteleza na Roots mapema zaidi, gia ya tano ukikanyaga kuanzia 2,500. Ikiwa baada ya kujumlisha umefika karibu na bei ya Forester XT na unachotaka ni kasi ya barabarani tu, nunua Forester. Ina turbo ya kiwandani, mafundi wake wako kila kona, na watoto watakaa nyuma.